Ulinzi wa hatua mbili uje umewashwa tayari, au kila mtu ajiwashie? Tupeane uzoefu

Binti wa Kilakala

Wadau, habari za leo. Ulinzi wa hatua mbili ni ile namba ya siri au tarakimu za ziada zinazodaiwa kuthibitisha ni wewe, juu ya zile za kawaida za kuingilia kwenye akaunti. Nianze na la nyumbani kwetu, halafu kila mwenye lake aliweke hapa.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba hapa Morogoro, mwaka wa saba sasa. Sanduku lao la bati lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa kina mama watatu tofauti. Lilikuja hivyo kutoka kwa fundi. Hakuna aliyewahi kuulizwa kama anataka kufuli au hataki.

Mwezi wa tatu alipigiwa simu na kijana, akamwamkia vizuri, akajitambulisha kuwa yumo kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Harusi ilikuwepo kweli, na kadi ya mchango mama alishaipokea. Kijana akasema wanaunda kundi la kamati, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yake, azisome ili aunganishwe. Mama akasoma.

Haikupita robo saa, meseji za WhatsApp zikaanza kwenda kwa wanakikoba, jina lake, picha yake ile aliyovaa kitenge cha bluu: "Mwenzangu nimepatwa, nina mgonjwa, nisaidie laki na nusu, jioni nakurudishia." Watatu walituma walichoweza. Ukijumlisha ni 400,000.

Jioni nilipofika nikaiingiza namba yake upya kwenye WhatsApp. Tarakimu sita zikaja, nikaziweka, na mwizi akatolewa hapo hapo. Lakini na sisi hatukuingia. Programu ikadai namba ya siri nyingine, ambayo mama hajawahi kuiweka maisha yake yote. Aliiweka mwizi. Tukaambiwa tusubiri siku 7. Yaani komeo la ndani lilikuwepo kwenye simu ya mama siku zote, na mtu wa kwanza kulisukuma akawa mwizi.

Zile laki nne mama alizilipa kutoka kwenye mgao wake. Hakuna aliyemdai. Alisema hawezi kukaa mbele ya sanduku wakati kuna mtu amepoteza hela kwa jina lake.

Mimi tangu siku ile naamini kwa moyo wote kwamba kinga hii ije imewashwa, na asiyeitaka ndiye aende kuizima. Leteni yenu, hata ya kupinga.

Mwana Isyesye

Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu. Kwetu Mbeya mjomba alipatikana kwa njia hiyo hiyo, ila yeye aliambiwa ni kundi la wakulima wa parachichi. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshazizoea, tunazirusha 15040, namba ya kuripoti matapeli, na maisha yanaendelea. Hizi za kuombwa tarakimu bado watu hawazijui, kwa sababu haombwi hela. Anayesoma tarakimu anajiona hajatoa kitu.

Fundi wa Makoroboi

Natengeneza simu Mwanza, mwaka wa kumi na mbili huu. Mteja akinunua simu mpya, mimi ndiye ninayemhamishia vitu vyake, kwa hiyo nazifungua nyingi. Waliowasha hiyo namba ya pili ni wa kutafuta kwa tochi. Sio kwamba wanaikataa. Hawajui ipo. Kwenye WhatsApp unaenda Mipangilio, halafu Akaunti, halafu Uthibitishaji wa hatua mbili. Mtu wa kawaida anafuata nini huko? Yeye anafungua simu anataka kuongea na mtoto wake.

Nilianza kuwawashia mwenyewe, na hapo nikakosea mara mbili. Kosa la kwanza, niliwawekea mimi hizo tarakimu, nikawaandikia kwenye kikaratasi. Kikaratasi kikapotea, nikabaki mimi ndiye ninayejua siri ya mtu, jambo ambalo sikulipenda. Siku hizi namwambia mteja ageuke aandike mwenyewe, na mimi naangalia barabarani.

Kosa la pili liliniuma zaidi. Kuna mama anauza sangara, oda zake zote za hotelini zinaingia kwa simu. Akasahau namba. Barua pepe ya kumwokoa hakuweka, kwa sababu hana. Programu ikamsubirisha siku 7. Wiki nzima hoteli wanaandika oda, hawajibiwi, wawili wakahamia kwa muuzaji mwingine. Alikuja dukani kwangu, hakufoka, alikaa tu kwenye benchi. Kwa hiyo dada, naungana na wewe kuwa iwashwe, lakini anayewasha awe ameshaandaa njia ya kurudi ndani. Ukimfungia mtu mlango kwa usalama wake na funguo huna, umemfungia nje.

Mie wa Ruwi

Assalam alaykum. Mie ni mtu wa Unguja, niko Muscat toka 2014, na ndie mpingaji mliekuwa mkimngoja.

Barua pepe yangu ilikuwa na ulinzi huo, kwa njia ya tarakimu kuletwa kwenye laini ya nyumbani. Laini yenyewe ilikaa ndani ya droo, haikutiwa vocha, ikafungwa, na namba akapewa mtu mwengine. Sikujua. Siku nilobadilisha simu, nikatakiwa tarakimu, nazo zikenda kwenye namba ile ile. Nikaipiga. Akapokea mwanamke wa Mtwara, mstaarabu khasa. Nikamueleza shida yangu yote. Akanambia tarakimu zimemfikia kweli, lakini mwanawe amemkataza asimsomee mtu yeyote, awe nani awe.

Siwezi kumlaumu. Angefanya hivyo mama wa Morogoro, tusingekuwa hapa. Lakini picha za marehemu baba zimo mle mpaka leo, na kila nikijaribu naambiwa nithibitishe kwa namba ambayo si yangu tena.

Watu wetu huku Ghuba wanabadilisha laini kila mkataba unapobadilika. Ukiwawashia wote kwa tarakimu za kwenye laini, na laini zenyewe haziendi nao safari, utakuja kuwafungia nje wengi, na hawana wa kumwendea.

Tehama Chuoni

Kaka wa Muscat, pole, na hoja yako ni nzito. Niseme ninayoyajua kwa sababu hii ndiyo kazi yangu.

Google walifungua uthibitishaji wa hatua mbili kwa watu wote mwaka 2011. Januari 2018 mhandisi wao, Grzegorz Milka, alieleza mbele ya mkutano kuwa akaunti zinazotumika ambazo zimewasha hazifiki asilimia 10. Hiyo ni miaka 7 ya kuhimiza. Twitter walipotoa hesabu zao za nusu ya pili ya 2020, ilikuwa asilimia 2.3 tu, na wengi wa hao walitegemea meseji kwenye laini. Mwezi Mei 2021 Google wakageuza utaratibu: hawaombi tena, wanawasha wao. Februari 2022 wakasema akaunti zaidi ya milioni 150 zimeshawashiwa, na kwamba zinazotekwa miongoni mwa hizo zimepungua kwa nusu.

Nusu! Na watu wale hawakuhudhuria semina yoyote.

Lakini hawakumwashia kila mtu, na hapa ndipo ndugu yetu wa Muscat anaposikilizwa. Walianza na akaunti ambazo tayari zilikuwa na mipangilio sahihi ya kumrejesha mwenyewe akikwama. Wengine walitakiwa wakamilishe kwanza.

Hapa chuoni nilituma tangazo mara tatu kuwaomba walimu wawashe. Walioitikia niliwahesabu kwa vidole. Muhula uliofuata tukafanya kuwa lazima, kukawa na wiki mbili za kelele, nikapanga meza ukumbini na kukaa na mmoja mmoja. Wiki ya tatu hakuna aliyelitaja tena. Kilichonifunza zaidi ni profesa mmoja mzee aliyenambia, "Kijana, kama jambo hili lilikuwa muhimu hivi, mbona mlikuwa mnaniomba?" Sikuwa na jibu.

Kisauni Mwisho

Mie wa Mombasa. Yangu ni ya laini kubadilishwa. Jumamosi saa nane mchana simu ikapoteza mtandao, nikadhani ni mtambo. Nikaenda zangu sokoni Kongowea, nikarudi. Kumbe kuna mtu keshachukua nambari yangu kwa laini mpya, na kila tarakimu ilokuwa ije kwangu ikawa yaenda kwake. Kufika magharibi hata Facebook si yangu. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimewasha, na bado niliibiwa, maanake hatua ya pili ilikuwa imekaa kwenye laini hiyo hiyo. Siku hizi natumia programu ya kutoa tarakimu, iko ndani ya simu yenyewe, haingoji laini.

Wa Umoja

Nikuongezee hapo. Kenya mtu wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# akazuia laini yake isibadilishwe kwa ajenti, iwe lazima aende duka la kampuni mwenyewe. Nimeuliza kazini kwetu, meza nzima hakuna aliyekuwa amepiga. Huduma nzuri kabisa, ila inakungoja wewe uijue.

Wakala Mwanga

Wakala wa pesa, Kigoma. Nimesoma yote nikaona kuna kitu mnakipita.

Tangu M-Pesa ianze Kenya 2007, na kwetu Tanzania 2008, hujawahi kutuma hata shilingi mia bila namba ya siri. Hakuna mahali pa kuizima. Nimekaa kwenye kibanda hiki miaka mingi, sijamsikia mteja hata mmoja akilalamika kuwa kwa nini alazimishwe. Wanalalamikia makato, wanalalamikia mtandao, namba ya siri hawaigusi.

Kuna bibi yangu mmoja muuza mawese. Hasomi. Mwanzo alikuwa ananipa simu na kunitajia namba yake kwa sauti, mbele ya foleni. Namwambia, "Bibi, usiseme, bonyeza mwenyewe." Anasema, "Nitabonyeza vipi mwanangu, sijui kusoma." Basi nikawa namshika kidole, namwonyesha mahali zilipo. Ilichukua miezi. Leo anaifunika simu kwa khanga yake, ananigeuzia mgongo, anabonyeza bila kuangalia. Akimaliza ananiambia, "Tayari." Aliyemfundisha si mimi. Alijifunza kwa sababu bila ile namba hela haitoki, na mawese yanasubiri.

Sasa huyo huyo mwaka jana wajukuu walimpa simu janja. Nikamwonyesha ile namba ya siri ya pili ya WhatsApp, tarakimu sita. Akaniuliza swali ambalo bado ninalo: "Nne nimezishika. Hizi mbili za ziada niziweke wapi?" Wanaotengeneza hizi kinga wangekaa kibandani kwangu siku moja ya mnada.

Binti wa Kilakala

Ahsanteni sana, nimewasoma wote, na ya kaka wa Muscat nimemsomea mama. Kaniomba nimwambie anamwombea.

Jumapili tulikaa na kikoba chini ya mwembe. Wenye simu janja walikuwa 15. Kila mmoja aligeuka akaandika mwenyewe, kama Fundi alivyosema. Kwenye barua pepe ndipo tulipokwama: waliokuwa nazo ni wanne tu. Mwenyekiti akapendekeza kila mtu aandike namba yake kwenye karatasi, aikunje, aifunge kwa gundi, zikae ndani ya sanduku chini ya kufuli tatu. Tulibishana nusu saa. Kumi na moja wamekubali. Mama amekataa. Anasema yake haitoki kichwani tena.

Kina mama 8 wana simu za kitochi, na wao wanauliza komeo lao liko wapi. Fundi, nisaidie kabla ya Jumapili ijayo.

Fundi wa Makoroboi

Lao lipo kwenye laini yenyewe. Kila laini ina namba yake ya siri, mara nyingi inakuja imezimwa. Ikiwashwa, simu ikiibiwa na laini ikatiwa kwenye simu nyingine, haifunguki bila hiyo namba. Lakini ukikosea mara 3 inafunga, itataka PUK, ile namba ndefu ya kuifungulia iliyoandikwa kwenye kadi laini ilipokatwa. Kwa hiyo usiwashe chochote kabla hujawauliza kadi zile wameziweka wapi. Watakaokuja nazo Jumapili, anza na hao.