Naonyeshaje kilicho kati ya seli kwa mifupa na makongoro ya sokoni?

mwalimu_chamwino

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye mada ya tishu. Wanafunzi wakichora tishu wanachora seli zimebanana kama matofali yasiyo na udongo katikati. Neno "matriksi" wanalikariri tu kwa ajili ya mtihani. Nataka washike kwa mikono kile kilicho nje ya seli: kolajeni na elastini (protini za nyuzi), madini ya mfupa, gegedu. Darasa lina watu 45, kipindi cha pamoja ni dakika 80. Maabara ina mizani ya kidijitali, siki na jiko la mkaa. Vya buchani vinapatikana soko la Majengo hapa Dodoma bila shida.

Mambo mawili yanagoma. Mfupa wa kuku ukikaa kwenye siki siku tatu unalainika ncha tu, katikati bado mgumu. Na supu ya makongoro haigandi, hata ikichemshwa saa tatu nzima. Kosa liko wapi?

fundi_maabara_dom

Mwalimu, tuanze na mfupa. Kwa uzito, karibu asilimia 65 ni madini, asilimia 25 hivi ni protini ambayo nyingi yake ni kolajeni ya aina ya I, inayobaki ni maji. Siki inayeyusha madini na kuiacha kolajeni. Ikishindwa kufika katikati, kwa kawaida sababu ni hizi.

Siki ni kidogo. Asidi inatumika kadiri inavyoyeyusha madini. Ikiisha nguvu kazi inasimama, hata ukiacha wiki. Weka siki ya asilimia 5, ujazo mara 20 ya ujazo wa mfupa, na uibadilishe kila siku. Soma lebo, maana siki nyingine ni hafifu kuliko hiyo.

Mafuta na gegedu la nchani vinazuia siki kupenya. Kwangua nyama yote, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha kata ncha zote mbili kwa kisu.

Kuku wenyewe nao. Mfupa wa mguu wa kuku wa kisasa wa wiki tano au sita unalainika siku tatu hadi tano. Jogoo wa kienyeji wa mwaka mzima hata wiki haitoshi. Kwa darasa chukua wa kisasa.

Mfupa uwe mbichi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachukua mifupa iliyotoka kwenye supu au chipsi kuku. Moto umeshaidhoofisha kolajeni, kwa hiyo siki ikiondoa madini mfupa unaweza kumumunyuka badala ya kupinda vizuri.

Kifuniko cha chupa kiwe legelege. Mfupa una kaboneti, siki inatoa gesi ya kaboni dioksidi, na chupa iliyokazwa inaweza kupasuka.

Mfupa wa pili uanike mpaka ukauke, kisha uchome kwenye mkaa, nje ya darasa kwa sababu ya harufu. Ukiwa mweusi bado una kaboni ya protini iliyoungua. Endelea mpaka uwe mweupe, inaweza kuchukua saa mbili au tatu. Hapo madini ndiyo yaliyobaki. Umbo ni lilelile, lakini ukiubonyeza unavunjika kama chaki. Waweke wanafunzi mifupa mitatu mkononi: mzima, wa siki, wa moto. Mmoja mgumu na imara, mmoja unapinda kama mpira, mmoja unga. Anayetoka hapo akisema "mfupa ni kalsiamu" basi hakuwa darasani.

kano_na_gegedu

Mkuu hapo juu kamaliza mfupa. Mimi nigusie makongoro.

Molekuli ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba, urefu wake kama nanomita 300. Kano ikipashwa moto kwenye nyuzijoto 60 hadi 65 hujikunja. Ikiendelea, msokoto unafumuka na nyuzi zinaingia kwenye maji. Hiyo ndiyo gelatini. Ikipoa, nyuzi hujaribu kujisokota tena, zikishindwa kurudi sawasawa zinanasana ovyo na kunasa maji katikati. Ndiyo kuganda kwenyewe.

Sasa Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 96, siyo 100. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inarefusha muda wa jikoni. Kilo moja ya makongoro yaliyopasuliwa, maji lita moja na nusu, moto mdogo saa tano, ukiongeza maji kidogo yanapokauka. Usitie ndimu wala siki: asidi na moto vikikutana muda mrefu vinazikata nyuzi kuwa vipande vifupi, na vipande vifupi haviwezi kunasana. Kwa sababu hiyohiyo usiipeleke kwenye sufuria ya presha saa nyingi ukidhani unaharakisha.

Halafu joto la darasani. Gelatini ya ng'ombe inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu. Mchana wa Novemba hapa hata supu nzito itabaki maji. Chuja, engua mafuta, weka kwenye friji usiku kucha, uilete darasani kwenye ndoo ya barafu.

Na usiishie hapo. Gawa supu ya vuguvugu kwenye vikombe vitatu: kimoja hakina kitu, kimoja kina vijiko viwili vya maji ya nanasi bichi, kimoja maji ya nanasi lililochemshwa dakika 10 yakapoa. Cha nanasi bichi hakigandi, kwa sababu kimeng'enya chake kimekata kolajeni. Cha nanasi lililochemshwa kinaganda, kimeng'enya kimekufa. Ndiyo kazi ya papai bichi kwenye mishkaki. Tahadhari: usitumie jeli ya paketi bila kusoma, nyingine zimetengenezwa kwa mwani na nanasi haliziwezi.

Kwa elastini, mwambie mwenye bucha akukatie ule ukanda wa njano ulio juu ya shingo ya ng'ombe, unaoshikilia kichwa. Mara nyingi wanautupia mbwa. Kata kipande cha sentimita 10, vuta, achia: unarudi. Kano ya mguu haifanyi hivyo. Vichemshe pamoja saa nne: kano inalainika na kuyeyuka, ukanda wa njano haubadiliki sana, kwa sababu nyuzi za elastini zimefungana zenyewe kwa vifungo ambavyo maji ya moto hayavifungui. Usiache ukauke, na hewa yetu inakausha haraka. Elastini isiyo na maji ni kama kioo, inavunjika. Hifadhi kwenye maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita.

darubini_kimya

Nyongeza tatu, halafu sahihisho.

Gegedu: kata vipande vya milimita 2, pima gramu 20, anika juani siku mbili, pima tena. Zitabaki kati ya gramu 4 na 7. Kinachoshika maji yote hayo ni proteoglikani, protini zenye minyororo ya sukari ya chaji hasi inayovuta ioni za sodiamu, na maji yanafuata. Kolajeni ya aina ya II inazuia gegedu lisivimbe kupita kiasi. Mmoja anasukuma, mwingine anafunga; goti linabeba mwili kwa ugomvi huo.

Ubuyu, ambao una vitamini C: mwulize mwanafunzi kwa nini ukosefu wa vitamini C unatoa damu kwenye fizi. Seli inapotengeneza kolajeni, kimeng'enya kinaweka kundi la haidroksili (oksijeni na haidrojeni) kwenye prolini, moja ya asidi amino zake, na kinahitaji vitamini C. Bila hilo msokoto unafumuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na mwili una 37. Mbuzi anajitengenezea vitamini hiyo, sisi hatuwezi. Ubuyu ukorogwe kwenye maji baridi, usichemshwe, maana moto unaharibu vitamini hiyo.

Kidonda: kovu linaanza na kolajeni nyembamba ya aina ya III, baadaye inabadilishwa na ya aina ya I. Hata likipona vizuri, nguvu yake haipiti asilimia 80 hivi ya ngozi ya awali.

Sahihisho: wengi hufananisha mfupa na nondo na zege. Kwa ugumu, sawa. Lakini mafundi wa zege huondoka nyumba ikiisha, na seli haziondoki. Afadhali tembe ambayo mwenye nyumba anaishi ndani, kila mara anang'oa fito mbovu na kukandika upya. Seli zina vimeng'enya vya kukata matriksi, vinavyotumia zinki, na zina protini kwenye utando wake, integrini, zinazoishika matriksi na kupeleka habari ndani. Seli nyingi za kawaida zikikosa pa kushika hufa. Matriksi si kifungashio.

mwalimu_chamwino

Asanteni sana, nimenakili yote. Swali la mwisho: kuna mwanafunzi hakosi kuuliza kama supu ya makongoro inarudisha gegedu la goti la babu yake. Nimjibuje?

kano_na_gegedu

Mwambie gelatini ikifika tumboni inameng'enywa kuwa asidi amino na vipande vidogo, kama nyama yoyote. Haipandi gotini ikiwa nzima. Gegedu halina mishipa ya damu, chakula kinalifikia kwa kupenya polepole, na seli zake ni chache. Ndiyo maana likilika halijirudishi kirahisi. Supu babu anywe, ina protini. Goti lipelekwe hospitali.

fundi_maabara_dom

Ratiba: mfupa wa siki uanze Jumatatu kwa kipindi cha Ijumaa, gegedu lianikwe Jumatano, supu Alhamisi mchana. Kwa watu 45 fanya vikundi tisa, mifupa 27, na weka mitatu ya akiba kwa watakaouvunja ule wa moto kabla ya zamu yao.