Mjadala: Mkristo mwenye haki ya kura akikaa nyumbani siku ya uchaguzi, anakosea?

Mleta mada

Wapendwa, naomba tujadili hili kwa Maandiko na kwa hoja, mambo ya vyama tuyaweke kando. Kila uchaguzi unapokaribia nasikia waamini wakisema, "Siasa siziwezi, mimi nitaomba tu, Mungu ndiye anayeweka viongozi." Kwa kuwa kauli hiyo husemwa kwa unyenyekevu, watu huiacha ipite. Mimi naipinga.

Warumi 13 inasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Hapo wengi wetu hufunga kitabu. Lakini Paulo anaendelea: mtawala ni "mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema." Ametaja utii, akataja na kazi ambayo mtawala amepewa. Basi kipimo tunacho.

Hoja yangu kubwa ni hii. Waliopokea waraka ule kule Rumi hakuna aliyewauliza nani awe Kaisari. Wajibu wao ulikuwa kutii, kulipa kodi na kuomba. Sisi tunaoishi penye uchaguzi tumeulizwa. Ile mamlaka itokayo kwa Mungu, sehemu yake ndogo imo mkononi mwa fundi, mkulima na mama aliyesimama kwenye foleni ya kura. Kwa hiyo swali la Warumi 13 linamhusu mtawala na linanihusu mimi pia: sehemu yangu nimeitumia kwa mema ya jirani, au nimeifukia ardhini kama yule mtumwa wa talanta moja katika mfano wa Yesu?

Wala Biblia haioni shida watu wakishiriki kuchagua. Katika Kumbukumbu la Torati 1 Musa anawaambia Waisraeli wajitwalie watu wenye akili na fahamu, naye atawaweka kuwa vichwa. Katika Matendo 6 mkutano mzima unachagua wale saba, kisha mitume wanawawekea mikono. Watu walichagua, na Mungu alikuwa kazini.

Halafu kuna mfano wa Yothamu, Waamuzi 9. Miti inatafuta mfalme. Mzeituni unakataa kuacha mafuta yake, mtini utamu wake, mzabibu divai yake. Mwisho wanaiendea miiba, nayo inakubali na kuanza papo hapo kutishia moto. Yothamu alimlenga Abimeleki, aliyewaua ndugu zake ili atawale, na watu wa Shekemu waliomfanya mfalme, lakini kila nikiusoma nawafikiria wale watatu waliokuwa na kitu cha maana cha kufanya.

Msimamo wangu: asiyezuiwa na ugonjwa wala hatari, akaacha kura kwa uvivu au kwa kujiona msafi mno kwa siasa, anamkosea jirani yake. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umekwenda haraka. Watu walipotaka kumfanya Yesu mfalme, alijitenga akaenda mlimani peke yake (Yohana 6:15). Waanabatisti, Wakristo wa karne ya 16 waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, walioandika tamko lao la imani, Ungamo la Schleitheim, mwaka 1527 walishika hoja hiyohiyo kusema Mkristo asiwe mtawala, kwa sababu dola hutawala kwa upanga. Hawakuwa wavivu hao. Wengi waliuawa kwa ajili ya imani yao. Ukimpa mtu kura umemkabidhi upanga. Akimuua asiye na hatia, utasema hukuhusika? Mimi sipigi kura. Natii sheria, nalipa kodi, naombea wenye mamlaka kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza. Usiniite mkosaji.

Mchangiaji wa pili

Kwetu Wakatoliki Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, imeshalisema, kifungu cha 2240: kulipa kodi, kupiga kura na kuilinda nchi ni wajibu wa kimaadili. Lakini wagombea wote wakiwa wabaya je? Mleta mada, hilo usilikwepe.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, wewe hukuwa mlengwa wangu. Anayeacha kwa dhamiri, baada ya kutafakari, namheshimu. Ila kodi unayolipa ndiyo inayonunua upanga huo. Ukikaa nyumbani bado unaugharamia, ila huna neno juu ya nani aushike. Tena Paulo hakuona haya kutumia haki zake. Walipompiga Filipi bila hukumu alidai wakuu waje wenyewe wamtoe, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari.

Kumbukeni pia Afrika Kusini. Mwaka 1985 waandishi wa Hati ya Kairos, tamko la wanateolojia wa huko, walilazimika kukemea namna Warumi 13 ilivyotumiwa kuwataka watu wautii utawala wa ubaguzi wa rangi, watu weusi ambao hawakuruhusiwa kuchagua bunge lililowatungia sheria. Walisubiri hadi 1994. Siwezi kusema kitu kilichopiganiwa hivyo hakina uzito mbele za Mungu.

Kuhusu wagombea wabaya, hapo ni pagumu kweli. Masihi hatumtafuti kwenye karatasi ya kura, tunaye tayari. Kutoka 18:21 inataka watu wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu, na anayenunua kura ameshaanguka hapo. Nachagua atakayemuumiza mnyonge kidogo kuliko wenzake. Asipopatikana hata huyo, nitaenda na kurudisha karatasi tupu. Nitakuwa nimekataa wote, na kukataa kwangu kutakuwa kumo sandukuni.

Mchangiaji wa tatu

Mbona hamgusi madhabahu? Nimeshakaa katika ibada ambapo mhubiri alimtaja mgombea kwa jina, akasema asiyempigia hana Roho Mtakatifu. Nilitoka nikilia. Mkianza kuhubiri wajibu wa kura, kinachofuata ni kutuambia tumpe nani.

Mleta mada

Pole sana, dada yangu. Aliyefanya hivyo amevuka mpaka. Azimio la Barmen la 1934, lililotolewa Ujerumani wakati wa Hitler, lilikataa mambo mawili kwa pamoja: dola kujitwalia kazi ya kanisa, na kanisa kujitwalia kazi ya dola. Madhabahu ifundishe kipimo, majina iwaachie waamini. Mchungaji aliyempigia mgombea kampeni, kesho atawezaje kumwendea na kumkemea kama nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi?

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye madhabahu tuko pamoja. Kwenye kodi bado. Bwana alilipa kodi ya hekalu akisema ni ili wasiwakwaze (Mathayo 17:27), baada ya kumwambia Petro kwamba wana wako huru. Kulipa ninachodaiwa ni jambo moja, kutoa idhini ni jingine, na kura ni idhini. Nionyeshe kwa Maandiko kwamba hayo mawili ni kitu kimoja, nami nitajiandikisha.