Mrejesho: kutu inatoka, chuma hakiliwi tena

Wadau, niliuliza namna ya kutoa kutu kwenye mabomba kwa asidi ya haidrokloriki bila chuma chenyewe kuliwa, hapa karakanani Kariobangi. Mkanishauri niongeze sarfaktanti, yaani kemikali ya jamii ya sabuni ambayo molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa; hii ina kichwa chenye chaji chanya, huitwa CTAB. Imekubali kabisa! Mapovu ya haidrojeni, dalili ya asidi kula chuma, yamepungua sana na chuma kinatoka laini.

Kumbe ayoni za kloridi (chembe za asidi zenye chaji hasi) hutangulia kushika chuma, kisha vichwa vya CTAB vyenye chaji chanya hunata juu yake, mikia ikifukuza maji. Molekuli za CTAB zikishaanza kujikusanya zenyewe kwenye maji, kuongeza dawa hiyo ni hasara tu. Asidi ikipata joto kinga hulegea, kwa hiyo tunaloweka asubuhi. Sabuni ya kipande msijaribu: asidi huigeuza mafuta yanayoelea. Asanteni sana.