Tupeane uzoefu: ukurasa wa zamani kwenye saiti ya programu huria uliowahi kukukesha

Mwana wa Pangani:
Wakuu habari za usiku. Nina mdogo wangu yuko mwaka wa kwanza chuo, ndo anaanza kujifunza git (programu ya kutunza matoleo ya kodi), kafuata maelekezo ya saiti ya mradi mmoja wa programu huria neno kwa neno, wanamwambia aandike jina kisha nenosiri. Anaweka, inakataa. Anabadilisha nenosiri, inakataa. Kakaa na hiyo kitu siku mbili anajua akaunti imefungwa, na bando lenyewe la kuungaunga. Nimekuja kuangalia nikaumia, GitHub, saiti ya kuhifadhia kodi kwa git, waliacha kupokea nenosiri kwa kazi za git tangu tarehe 13 Agosti 2021, sasa hivi ni tokeni (msimbo maalumu badala ya nenosiri) au ufunguo wa SSH (faili la siri kwenye mashine yako). Ule ukurasa hata tarehe hauna ningejua ni wa lini. Nikakumbuka na mimi nilivyoteswa na print ya Python 2, ile isiyo na mabano ambayo Python 3 inaikataa. Hebu tupeane uzoefu, ukurasa gani ulikutesa, na wenye miradi mnazifanyaje kurasa zilizopitwa na wakati?

Kijana wa Buza:
mysql_connect. Walioelewa wameelewa.

Bint Lamu:
Umenigusa Kijana wa Buza. Hiyo ni fanksheni ya PHP ya kuunganisha saiti na hifadhidata, PHP 7 ilitoka Desemba 2015 wakaiondoa kabisa, mimi nilikuwa nafundishwa nayo baada ya hapo, maana ukurasa wa mradi tuliokuwa tunautumia bado ulikuwa nayo kwenye mfano wa kwanza kabisa. Darasa zima kompyuta zinaandika fanksheni haipo, mwalimu anatuambia tumekosea kuandika. Tulirudia mstari ule ule wiki nzima.

Otieno wa Kisumu:
Mimi langu ni la juzi tu. Kuna shule naisaidia na sava yao, ilikuwa CentOS 7, aina mojawapo ya Linux. Nikataka kuweka programu ya maktaba, saiti ya mradi inasema andika yum install hii na ile. Naandika, inaniambia haiioni mirrorlist, yaani orodha ya sava za kupakulia vifurushi vya programu. Nikasema ni mtandao, nikaita watu wa intaneti, wakaja wakapima wakasema iko sawa, nikabadilisha kebo, nikabadilisha rauta. Kumbe CentOS 7 ilifika mwisho wa kuhudumiwa 30 Juni 2024 na ile anwani ya mirrorlist ikazimwa. Ukurasa haukuwa na neno hata moja. Nililipa gari la kwenda na kurudi mara tatu kwa hiyo kitu. Ukikwama hapo badilisha anwani iende vault.centos.org, vifurushi vyote viko huko.

Chuma cha Pua:
Otieno usiwape watu ushauri huo ndugu yangu. Vault ni makumbusho, hakuna marekebisho ya usalama yanayoingia kule. Hama nenda AlmaLinux au Rocky, Linux za jamii ile ile ambazo bado zinahudumiwa.

Otieno wa Kisumu:
Ni rahisi kusema hama ukiwa na sava ya pili. Shule ina moja, na wanafunzi wanaitumia kila siku. Vault ndiyo iliyonifanya nimalize kazi siku ile.

Chuma cha Pua:
Na ikivamiwa utawaambia nini wazazi?

Otieno wa Kisumu:
Haina intaneti ya nje, iko ndani ya maktaba. Uliza kwanza kabla hujanihukumu.

Mwana wa Pangani:
Jamani taratibu, wote mnasema kweli. Tuendelee na uzoefu.

Mzee wa Sava:
Subirini niseme langu, sijawahi kulisema popote. Nilikuwa nahudumia mfumo wa stoo ya dawa kwenye kituo kimoja cha afya, mkoa na jina mniachie. Mfumo ni wa programu huria, unakaa kwenye Docker, ile inayoendesha programu ndani ya kontena lake. Ijumaa saa kumi jioni ukaganda, unazunguka tu. Nikaingia saiti ya mradi, ukurasa wa nini ufanye mfumo ukiganda, wameandika zima kwa docker-compose down -v halafu washa upya. Nikasoma mara mbili, ni saiti yenyewe kabisa, nembo iko pale juu. Nikaandika nikabonyeza enta. Ukawaka, tena haraka kuliko siku zote. Nafungua, unaniomba nitengeneze mtumiaji wa kwanza. Hapo miguu iliniisha nguvu. Nikasema labda nimekosea anwani, nikaangalia tena, hamna dawa, hamna wasambazaji, hamna kitu, mweupeee.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ile -v inafuta volyumu, yaani sehemu ambayo Docker yenyewe inatunza data. Ukurasa uliandikwa enzi data za mfumo zinakaa kwenye folda ya kawaida ya mashine, na folda ya hivyo -v haiigusi, kwa hiyo wa enzi hizo walikuwa salama. Toleo nililofunga mimi walishahamishia data kwenye volyumu ya Docker yenyewe. Kodi ilibadilika, ukurasa haukubadilika.

Bakapu niliyokuwa nayo ni ya wiki tatu nyuma, kwenye diski ya nje. Kilichotuokoa ni dada mmoja wa stoo ambaye alikataa kabisa kuacha leja ya karatasi, na sisi ndo tulikuwa tunamwambia dada achana na madaftari. Jumamosi asubuhi nikampigia nikamwambia ukweli wote. Hakunifokea. Akaja na leja mbili kazifunga kwa kanga kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, tukakaa siku nne, yeye anasoma mimi naingiza, amoksilini zimeingia ngapi zimetoka ngapi, mstari kwa mstari. Kuna kurasa wino ulishalowa, hizo hatujazipata mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi, wiki iliyofuata nikaingia kwenye ishu za mradi, pale watu wanaporipoti matatizo, nikakuta mtu alishaandika miezi 14 kabla yangu kwamba ukurasa ule ni wa hatari, -v itolewe. Hakuna aliyemjibu.

Kijana wa Buza:
Duh. Pole sana mzee.

Bint Lamu:
Miezi 14!!! Huyo dada wa stoo apewe heshima yake.

Shabani Kodi:
Nimeisoma nimesimama. Mzee, kituo kilikuchukulia hatua?

Mzee wa Sava:
Hapana Shabani, mganga mkuu alisema nimesema ukweli mapema ndo kilichosaidia, wangegundua Jumatatu wenyewe ingekuwa kesi nyingine. Ila toka siku ile bakapu ni kila usiku na naijaribu kuirudisha kila mwezi.

Shabani Kodi:
Basi kwa nini wasifute tu? Mimi msimamo wangu, ukurasa ukipitwa na wakati FUTA. Usiache mtego barabarani.

Mama Kompyuta:
Shabani hapo sikubaliani. Mimi ni miongoni mwa tunaojitolea kwenye mradi mmoja, sisi ni watu wanne, wote tuna kazi nyingine. Ukifuta ukurasa, kuna mtu Songea anatumia toleo la zamani kwa sababu mashine yake haibebi jipya, naye anahitaji maelekezo ya toleo lake. Na linki zote zilizowekwa huko nje zinakufa. Angalia Python wanavyofanya, Python 2 ilifika mwisho 1 Januari 2020 lakini ukifungua nyaraka za 2.7 bado zipo, juu kabisa kuna bango linakwambia toleo hili halihudumiwi tena na linakuelekeza kwenye jipya. Django nao wana bango, tena wanakwambia wazi toleo hili si salama. Mtu anasoma akiwa anajua anasoma nini.

Shabani Kodi:
Mama bango nani anasoma? Mtu anatoka Google anaangukia katikati ya ukurasa, ananakili komandi, anaondoka. Mzee wa Sava angesoma bango?

Mzee wa Sava:
Ningelisoma. Nilisoma ule ukurasa mara mbili nimesema.

Shabani Kodi:
Samahani mzee, sikuwa na nia hiyo.

Mama Kompyuta:
Hiyo ya Google ni kweli lakini, kurasa za zamani zinapanda juu kwa sababu zina linki nyingi kuliko mpya. Sisi tulifanya hivi, kurasa za matoleo ya zamani tumeziwekea alama ya noindex zisitokee kwenye utafutaji, na alama ya canonical inayoielekeza Google kwenye ukurasa mpya, na kila ukurasa unaonyesha ni wa toleo lipi na umepitiwa lini. Ukurasa ambao hauna kazi kwa toleo lolote tunauondoa, ila anwani yake tunaielekeza penye mbadala. Komandi yoyote inayofuta data hatuiachi hata kwenye nyaraka za zamani bila onyo hapo hapo juu ya komandi. Na msituone wabaya, ishu zinaingia usiku tumelala hoi, kuna mwezi hakuna aliyefungua hata moja.

Chuma cha Pua:
Na linki za nje msizisahau. Juni 2024 polyfill.io, saiti ambayo nyingine zilikuwa zinachota skripti kwake, ilikuwa imeshabadilisha wamiliki ikaanza kumwaga skripti mbaya, na saiti zaidi ya laki moja zilikuwa bado zinaiita kwa sababu mtu aliibandika zamani hakurudi kuangalia.

Otieno wa Kisumu:
Hapo nakubali Chuma. Kuna miradi mpaka leo inaandika njooni Freenode, mtandao wa vyumba vya kuchati, kuuliza maswali, na watu walihamia Libera Chat tangu Mei 2021. Unaingia unauliza chumba kitupu.

Mtafsiri wa Ujiji:
Mimi nina dhambi ya upande huo mwingine. 2019 nilitafsiri kurasa 14 za mradi mmoja kwa Kiswahili, kwa mapenzi kabisa, nikaondoka. Kiingereza kikaendelea kubadilika, Kiswahili changu kikabaki vile vile. Mwaka jana kijana akaniandikia kwamba amefuata tafsiri yangu ikamkwamisha. Yule alichagua Kiswahili kwa kuniamini mimi. Nilirudi nikapitia moja moja, tisa nikarekebisha, tano nimeomba ziondolewe msomaji apelekwe kwenye asili, maana sina muda wa kuzilea. Sasa kila tafsiri nimeandika juu imetokana na asili ya tarehe gani.

Mwana wa Pangani:
Mdogo wangu ameingia, tokeni imekubali, na nimemkalisha hapa anaandika PR, yaani ombi la mabadiliko kwa wenye mradi, ya kurekebisha ule ukurasa. Anaogopa Kiingereza chake hakitoshi.

Mama Kompyuta:
Mwambie atume hivyo hivyo. Mistari mitatu na linki ya tangazo la GitHub inatosha, mimi huwa naanza na hizo fupi.

Kijana wa Buza:
Mzee wa Sava, na ule ukurasa wa -v uko vipi sasa?

Mzee wa Sava:
Nilituma PR mwenyewe, ilikaa wiki sita ikapita. Nimetoka kuangalia sasa hivi baada ya kumsoma Mtafsiri. Kiingereza kimerekebishwa. Tafsiri ya Kifaransa bado ina -v.

Bint Lamu:
Nitumie linki. Nina rafiki Bujumbura anaandika Kifaransa vizuri, nampigia sasa hivi kabla hajalala.