Naombeni ushauri: tunangoja mtoto, mama mkwe anataka twende kwa mganga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ndoa yetu ina miaka kadhaa, mtoto bado. Hospitali tumepimwa wote wawili, hakuna tatizo lililoonekana. Sasa mama mkwe anataka twende kwa mganga, kimyakimya, na mume wangu ameanza kulegea. Mimi nimekataa. Ibrahimu aliitwa akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa yeye akiwa na 100, na katikati hapo ndipo Sara, mkewe, alipomtoa mjakazi wake Hajiri kwa Ibrahimu ili wapate mtoto kwa njia hiyo. Hapo katikati ndipo tulipo. Kuomba naomba, ila siku nyingine maneno hayatoki (na shuhuda za wenzangu kanisani zinanichoma, Mungu anisamehe). Mliopitia haya, mlimjibuje mkwe bila kumvunjia heshima? Na huyu mume nimtie moyo vipi?