Naomba ushauri: mpwa wangu aiachilie haki ya kusikilizwa shauri la awali?

Ndugu zangu, mpwa wangu yuko mahabusu Houston, Marekani, kwa shtaka la jinai la serikali kuu. Sheria inataka hakimu asikilize shauri hilo la awali ndani ya siku 14, ili aamue kama zipo sababu za kutosha kuamini kwamba alitenda kosa, isipokuwa jopo la raia likimfungulia mashtaka rasmi mapema. Wakili aliyepewa na mahakama anamshauri aiachilie haki hiyo, jambo linaloniumiza sana, kwa kuwa ndiyo nafasi yake ya kwanza kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka chini ya kiapo. Je, akikubali anapoteza nini, na ni jambo gani la maana anaweza kuliomba kwa waendesha mashtaka badala yake? Naombeni msaada wenu, hasa mliopitia hatua hiyo.