Herufi za Kiarabu zinaachana kwenye programu yangu ya tenzi (C++, OpenGL, Windows)

bint_kibokoni

Assalam alaykum wanajukwaa.

Naandika programu ya kompyuta ya kusomea tenzi za zamani. Upande wa kushoto wa dirisha kuna picha ya mswada ulioskaniwa, upande wa kulia ubeti ule ule umechapwa kwa herufi za Kiarabu, na chini yake kwa herufi za Kilatini. Picha za miswada ni kubwa na msomaji anazivuta na kuzikuza kwa kipanya, ndiyo maana dirisha zima nimelichora kwa OpenGL, yaani kupitia kadi ya grafiki. Lugha ni C++, mashine ni za Windows 10 na 11.

Maandishi nayachora hivi: maktaba ndogo ya kodi iitwayo stb_truetype inafungua faili ya fonti, inanichorea kila herufi mara moja, nazipanga zote kwenye picha moja inayokaa kwenye kadi ya grafiki. Nikitaka neno, nakata kisanduku cha herufi ya kwanza, nakibandika, nasogea mbele kwa upana wake, nabandika ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kilatini kinasomeka. Ila kwenye laptopu ya ami yangu, ambayo skrini yake imewekwa asilimia 125, kila kitu kina ukungu.

Kiarabu ndiyo balaa. Herufi zinaachana, kila moja imesimama peke yake, na mstari unaanzia kushoto. Nikaandika kodi ya kuugeuza mstari, ukaanzia kulia, lakini herufi bado hazishikani, kasra (alama ya irabu inayokaa chini ya herufi) inaangukia juu ya nukta za pe (herufi پ), na namba za beti nazo zimegeuka: 14 imekuwa 41. Wazee watakaoisoma programu hii wamekua na miswada ya kalamu ya mwanzi. Siwezi kuwawekea mbele maandishi ya namna hii nikasema ni tenzi.

Mwenzangu ananiambia niache kuchora herufi mwenyewe, niiachie Windows ichore. Je, ndiyo njia? Na kama ndiyo, maandishi ya Windows yanaingiaje ndani ya dirisha la OpenGL?

---

fundi_wa_dirisha

Wa alaykum salaam dada, karibu. Mwenzako kakwambia kweli.

Mimi kazi yangu ni programu za madukani na maghalani, zile zinazofunguliwa asubuhi na kutazamwa mpaka jioni, na katika mambo ya maandishi kuna moja ninalolishikilia kuliko yote: mfumo upe mstari mzima, usiupe herufi moja moja. Ukishaikata sentensi vipande kabla ya kuikabidhi, hakuna fonti wala kadi ya grafiki itakayoiunga tena.

Tulitazame neno moja kwa karibu. Pepo, kwa herufi za Kiarabu: پِيپُ. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kuna pe, kasra, ye, pe, dhuma (alama ya irabu inayokaa juu). Pe zote mbili zina namba ile ile ya Unicode, yaani orodha ya kimataifa ya namba za herufi: U+067E. Sasa zitazame zilivyoandikwa: ya kwanza ni jino fupi lililoshikana na ye, ya mwisho ndiyo iliyojinyoosha ikaonyesha umbo lake lote. Ye iliyoko katikati nayo imebaki jino lenye nukta mbili chini. Kasra haikai chini ya mstari tu, inatakiwa ishuke mpaka chini ya nukta tatu za pe. Habari hizo zote zimo ndani ya faili ya fonti. Jedwali liitwalo GSUB linasema umbo lipi litumike mahali gani, na jedwali la GPOS linasema alama ikae wapi. stb_truetype ni maktaba nzuri, lakini kazi yake ni kugeuza umbo moja kuwa pikseli. Kuchagua na kuunganisha maumbo si kazi yake, na haijawahi kudai kuwa ni yake.

Namba za beti ni hadithi nyingine. Unicode ina kanuni kamili za mstari wenye maandishi ya pande mbili: maneno ya Kiarabu yanakwenda kushoto, tarakimu zilizomo humo humo zinakwenda kulia, na alama za uakifishaji zinafuata jirani zake. Kugeuza mstari wote kwa mkono hakufuati kanuni hizo. Ifute kodi hiyo.

Kwenye Windows, chombo cha kazi hii ni DirectWrite, sehemu ya Windows ya kupanga na kuchora maandishi, kilichokuja na Windows 7 mwaka 2009. Kabla yake tulikuwa na GDI, njia ya zamani ya Windows ya kuchora, na Uniscribe ikiunganisha herufi kwa nyuma. Bado vipo, ila kwa programu mpya usianzie huko.

Kwanza unatengeneza IDWriteTextFormat, yaani fonti na ukubwa. Kisha unaita CreateTextLayout, unaipa ubeti mzima pamoja na upana wa safu. Kinachorudi, IDWriteTextLayout, kimeshaunganisha herufi, kimeshakata mistari, kimeshapanga pande mbili. Kwa Kiarabu uiambie kwa SetReadingDirection kwamba aya inasomwa kutoka kulia. Ukitaka kujua ubeti umechukua nafasi kiasi gani, uliza GetMetrics. Usijumlishe tena upana wa herufi moja moja, hata kwa Kilatini, kwa sababu A na V zikikaa pamoja husogeleana.

Kuingiza ndani ya OpenGL: itumie Direct2D, sehemu ya Windows ya kuchora inayoelewana na DirectWrite. Tengeneza picha tupu ya WIC (sehemu ya Windows ya kushughulikia picha) kwenye kumbukumbu, aina ya 32bppPBGRA, ifungulie uwanja wa kuchorea kwa CreateWicBitmapRenderTarget, futa kwa rangi isiyo na kitu, ita DrawTextLayout, kisha pikseli zile zipakie kwenye kadi ya grafiki kama GL_BGRA. Hapo una picha ya ubeti mzima, unaibandika mara moja tu. Kuchanganya rangi kuwe glBlendFunc(GL_ONE, GL_ONE_MINUS_SRC_ALPHA), kwa kuwa Direct2D imeshazidisha rangi kwa uwazi wake. Ukiacha GL_SRC_ALPHA ya kawaida, rangi inazidishwa mara mbili na kingo za herufi zinapata weusi mchafu.

Uchoraji huo wa WIC unafanywa na prosesa, si kadi ya grafiki. Usiogope. Ubeti wenye vipande vinne unachorwa mara moja, unawekwa, haurudiwi mpaka maneno au ukubwa ubadilike.

Ukungu wa laptopu ya ami yako: karibu hakika programu haijaitangazia Windows kwamba inaelewa vipimo vya skrini. Isipotangaza, Windows inaichora kwa asilimia 100 kisha inaivuta picha nzima mpaka 125, na herufi zinavutwa nayo. Kwenye manifesti ya programu (faili ya maelezo yake kwa Windows) weka PerMonitorV2, inafanya kazi kuanzia Windows 10 toleo 1703. Kisha uwanja wa kuchorea uupe DPI (nukta kwa kila inchi) 120 badala ya 96, hivyo fonti ya ukubwa wa 20 itachorwa kwa pikseli 25 halisi. Dirisha likihamishiwa skrini nyingine utapokea ujumbe wa WM_DPICHANGED, hapo ndipo uchore upya.

Na hili watu wengi hulisahau: picha ya maandishi ibandikwe kwenye pikseli kamili. Ikianzia kwenye nusu ya pikseli, kadi ya grafiki inachanganya kila pikseli na jirani yake, na kazi yote nzuri ya DirectWrite inapotea. Kadiria x na y za mahali picha inapoanzia ziwe namba kamili, na kichujio cha picha kiwe GL_NEAREST.

---

linux_kisumu

Dada, kazi nzuri sana unafanya. Kwa Windows nakubaliana na fundi, lakini fikiria mbele kidogo. Kesho mtu wa chuo atataka programu hii kwenye Linux, kesho kutwa mwingine ana Mac. Utaandika kodi ya maandishi mara tatu? Kwenye Mac chombo cha maandishi ni Core Text, imekuwepo tangu Mac OS X 10.5 mwaka 2007, na ina tabia zake. Kwenye Linux ni Pango, ambayo chini yake kuna HarfBuzz (inapanga maumbo ya herufi), FreeType (inayachora) na Fontconfig (inatafuta fonti).

Mimi ningechukua HarfBuzz na FreeType moja kwa moja kila mahali. HarfBuzz ndiyo inayosoma hayo majedwali ya GSUB na GPOS. LibreOffice, wale wa programu huria za ofisi, walifanya hivyo hivyo kwenye toleo 5.3 mwaka 2017: waliacha kutegemea kila mfumo na kutumia HarfBuzz kote, ili waraka usibadilike ukihamishwa mashine. Tenzi nazo zinataka hivyo. Ubeti ukikatika mahali fulani kwa Windows na mahali tofauti kwa Linux, si vizuri.

---

fundi_wa_dirisha

Kaka wa Kisumu, hoja ya mistari ni ya kweli, siipingi. Ila tumwambie dada gharama yake yote. HarfBuzz inapanga maumbo ya kipande kimoja cha maandishi chenye fonti moja na mwelekeo mmoja. Kupanga pande mbili ni juu yako, utaleta maktaba nyingine, FriBidi. Kukata mistari ni juu yako. Kutafuta fonti nyingine herufi ikikosekana ni juu yako. LibreOffice wana watu wa kazi hiyo. Mtu mmoja anayetaka wazee wasome tenzi mwaka huu, asianzie hapo.

Kisha kuna jambo la msomaji mwenyewe. Mzee ambaye macho yamechoka, mjukuu wake amekaa naye akamrekebishia maandishi ya Windows kwa kile kirekebishi cha ClearType (mbinu ya Windows ya kulainisha kingo za herufi) mpaka akasema hapa naona. DirectWrite inayajua marekebisho hayo. Kodi uliyoiandika mwenyewe haiyajui. Hilo kwangu ni zito.

Ufumbuzi wa kati: weka daraja dogo ndani ya programu, lenye kazi tatu tu: pima ubeti, chora ubeti kwenye picha, niambie nukta hii ya kipanya iko kwenye herufi gani. Leo nyuma yake ni DirectWrite. Siku ya Linux ikifika, nyuma yake unaweka Pango, na sehemu nyingine ya programu haiguswi. Kukatika kwa mistari unakumaliza kwa kuandika kila kipande cha ubeti kwenye mstari wake, kama tenzi zinavyochapwa siku zote.

Kuhusu fonti: usitegemee iliyomo kwenye mashine ya msomaji. Kuna fonti zenye Kiarabu cha Waarabu tu, hazina پ wala چ wala ڤ. DirectWrite ikikosa herufi inaazima kutoka fonti nyingine, na hapo neno linavunjika katikati: herufi ya kuazima inakuja na unene wake na haishikani sawasawa na jirani. Chukua Scheherazade New, fonti ya shirika la SIL, ina herufi zetu zote na leseni yake inaruhusu kuisambaza na programu. Ipakie kutoka folda yako kwa IDWriteFontSetBuilder1.

---

bint_kibokoni

Shukran sana nyote wawili. Nimefuata njia ya daraja. Pepo imeshikana, kasra imeshuka chini ya nukta, 14 ni 14, na laptopu ya ami imetulia kabisa. Nimelinganisha ubeti wa kwanza na mswada ulio kando yake, herufi kwa herufi, na safari hii macho hayagutuki.

Limebaki moja. Nikiweka maandishi juu ya rangi ya karatasi ya mswada, kingo za herufi zinaonyesha wekundu upande mmoja na ubluu upande wa pili. Juu ya nyeupe tupu silioni sana.

Na la pili: msomaji akivuta kipanya kuchagua maneno, mstari wenye Kiarabu na Kilatini pamoja unanipa kisanduku kimoja kirefu kinachofunika hata maneno asiyoyachagua.

---

fundi_wa_dirisha

Rangi hizo ni za ClearType. Inatumia vipande vitatu vya kila pikseli, chekundu, kijani na bluu, kama pikseli tatu nyembamba, na kila kimoja kinapata kiasi chake cha wino. Ili ifanye hivyo lazima ijue rangi iliyo nyuma. Wewe umeipa karatasi isiyo na kitu, na picha yako ina thamani moja tu ya uwazi kwa pikseli, haiwezi kubeba tatu. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuita SetTextAntialiasMode na kuchagua GRAYSCALE, yaani kulainisha kingo bila rangi, na rangi zinaondoka papo hapo. Ya pili ni kuipaka ile picha ya WIC rangi ya karatasi kabla ya kuchora, ukabaki na ClearType. Kwa kuwa nyuma ya maandishi yako kuna mswada unaosogea, chukua ya kwanza. Apple wenyewe waliiondoa mbinu hii ya rangi kwenye macOS Mojave mwaka 2018, na kwenye skrini zenye pikseli nyingi hutaona hasara.

Kuchagua maneno: ita HitTestTextRange. Inarudisha orodha ya visanduku, si kimoja. Maneno yanayofuatana kwenye kumbukumbu yanaweza kukaa mbalimbali kwenye skrini mwelekeo ukibadilika, kwa hiyo paka kila kisanduku peke yake. Na kipanya kikibonyezwa, HitTestPoint ndiyo itakayokwambia ni herufi ya ngapi.

Mwisho, picha ya maandishi haisomwi na programu za kusomea wasioona. Ukipata nafasi, maneno ya ubeti yatangaze kupitia UI Automation, njia ya Windows ya kuzipa programu hizo maneno yaliyo kwenye skrini. Tenzi zilikuwa za kusikiliza tangu mwanzo.

---

bint_kibokoni

GRAYSCALE imemaliza kazi, na visanduku vinakaa mahali pake. Hilo la wasioona naliingiza kabla sijampa mtu yeyote programu. Kodi ya daraja nitaiweka hapa ikishasafishwa, wenye kazi za Kiarabu waichukue.